Kubadilisha kona iliyooza nyuma ya mlango wa Datsun 240Z

Datsun 240Z haina chasi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba injini, mitikisiko na abiria, na vizingiti viwili chini ya milango ndivyo vinavyozuia gari lisipinde katikati. Hiyo ndiyo aina ya gari iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, kisha tena mwaka 1973 kwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Kwa hiyo kutu inapotafuna kona ya chini iliyo kati ya mlango na tairi la nyuma, pale mwisho wa kizingiti unapokutana na upinde wa tairi, usiitazame kama kasoro ya rangi. Gari limeanza kupoteza mfupa.

Kona hii huoza kutoka ndani kuja nje. Tairi hurusha tope ambalo hujibana kwenye mkunjo kati ya bati la nje na la ndani, na maji yanayopenya kwingine huteremka hadi hapo kwa kuwa ndipo chini kabisa. Matundu ya kutolea maji huwa yamezibwa na lami ya kupaka chini ya gari. Unapoona malengelenge mawili matatu kwenye rangi, jua bati la ndani limeharibika zaidi ya unavyodhani. Ukibandika kiraka juu ya bati hilo umeficha kutu na kuitengenezea chumba chenye unyevu, nayo itarudi kupitia rangi mpya.

Vifaa: mashine ya kuchomelea ya MIG (inayolisha waya na gesi yenyewe) yenye waya wa milimita 0.6 na gesi ya mchanganyiko wa argoni na kaboni dioksidi, grainda yenye diski nyembamba ya milimita 1, drili na biti ya milimita 8 ya kung'olea nukta za kiwandani (vidoa vya kuchomelea vinavyounganisha mabati tangu kiwandani), klampu zisizopungua kumi, nyundo na doli (kipande kizito cha chuma cha kushikilia nyuma ya bati unapogonga), kipande cha shaba, na praima ya zinki inayovumilia kuchomelewa. Bati liwe la chuma cheusi kisichopakwa zinki, geji 20, ambalo ni karibu milimita 0.9. Usitumie mabati ya kuezekea hata kidogo: ni membamba mno, na zinki yake ikichomwa hutoa moshi unaoleta homa na kuharibu kiungo.

Hatua ya 1: Pima wakati milango bado imefungwa mahali pake

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kabla hata ya cheche ya kwanza. Weka gari kwenye stendi zinazobeba uzito kupitia mifumo ya magurudumu, mbele na nyuma, ili bodi ikae kama inavyokaa barabarani. Ukilinyanyua kwa jeki katikati ya sakafu, bodi hupinda kidogo, na utachomelea kule kupinda kubaki hapo milele.

Shika mlango kwa nyuma uunyanyue. Ukicheza juu na chini, pini za bawaba zimelika; zibadilishe kwanza, maana mlango uliolegea hauwezi kuwa kipimo cha chochote. Kisha pima pengo kati ya mlango na bodi kila baada ya sentimita 10 na uandike. Lenga milimita 4 hadi 5, na zaidi ya yote pengo liwe sawa kutoka juu hadi chini. Likiwa jembamba juu na pana chini, au kinyume chake, bodi tayari imelala na inabidi irudishwe kabla ya kukata.

Funga bomba la mraba la milimita 25 kwa bolti, kutoka kwenye nguzo ya bawaba hadi kwenye nguzo ya kitasa, na jingine kwa mshazari. Lipitishe upande wa ndani ili mlango uweze kufungwa bomba likiwa limefungwa. Fanya upande mmoja hadi uishe. Usifungue vizingiti vyote viwili kwa wakati mmoja.

Hatua ya 2: Ondoa kinachoweza kuungua

Chomoa nyaya za betri na za altaneta. Toa viti, zulia, vifuniko vya ndani na nyaya zote zinazopita karibu. Tangi la mafuta liko nyuma chini ya sakafu. Kwa kazi ya kona hii, lishushe na ulitoe nje ya gereji. Ziba mabomba ya mafuta yaliyobaki. Lami na gundi za zamani zikwanguliwe angalau sentimita 10 kila upande wa eneo la kazi, kwa sababu huwaka polepole na moto hujificha nyuma ya bati. Kaa na kizimamoto mkononi, na ukague kwa nusu saa baada ya kuchomelea kwa mwisho.

Hatua ya 3: Kata kidogo kuliko unavyotaka

Gonga bati kwa mpini wa bisibisi ukielekea juu hadi sauti ibadilike kutoka butu hadi kali. Chora mstari sentimita 2 ndani ya bati zima. Kama una paneli iliyotengenezwa tayari, ilaze juu ya gari kabla ya kuchora. Nyingi hazilingani sawasawa kwenye mzingo wa upinde, na mara nyingi theluthi yake tu ndiyo unayohitaji. Bati la asili lililo zima ni bora kuliko jipya, kwa sababu umbo lake ni sahihi tayari.

Kata bati la nje peke yake, diski isiguse la ndani. Kwenye mkunjo wa chini na ukingo wa upinde usikate. Toboa nukta za kiwandani kwa biti ya milimita 8, tabaka la juu tu, kisha achanisha kwa patasi nyembamba. Kona za mkato ziwe za mviringo, kwani kona kali hukusanya joto na baadaye hupasuka.

Hatua ya 4: Jenga la ndani kwanza

Sasa utaona ukweli wote. Kata kila kilichooza kwenye mwisho wa kizingiti na kwenye bati la ndani la upinde. Tengeneza kielelezo kwa karatasi ngumu, kihamishie kwenye bati, kunja, jaribu, punguza. Bati la ndani likikaa vibaya, la nje litalifuata. Toboa upya matundu ya kutolea maji ya milimita 8 sehemu ya chini kabisa. Paka praima ya zinki kila pande mbili zitakapolaliana.

Hatua ya 5: Funga bila kuchomelea

Bana kiraka kwa klampu. Kwenye mkato wa juu mabati yakutane ukingo kwa ukingo, pengo lisizidi milimita 1. Yakilaliana, maji yatakaa kati yake. Kwenye mikunjo ya chini toboa matundu ya milimita 6 kila baada ya sentimita 3 kwa ajili ya kuchomelea nukta. Funga mlango. Pima tena kwa zile namba ulizoandika. Simama hatua tano nyuma uangalie mstari wa chini wa mlango unavyoendelea hadi kwenye kona. Kama kuna kitu kinakusumbua jicho, fungua klampu urekebishe. Siku nzima ikiisha kwenye hatua hii haijapotea.

Hatua ya 6: Chomelea kwa kuruka

Anza na nukta za mikunjo ya chini, kisha mkato wa juu. Piga nukta ya chini ya sekunde moja, ruka sentimita 10, piga nyingine, rudi katikati. Endelea kupunguza umbali hadi nukta zigusane. Kila nukta isubiriwe hadi uweze kuigusa kwa kiganja. Usimwagie maji wala kuweka kitambaa kibichi. Shikilia shaba nyuma pale bati linapotaka kutoboka.

Nukta ikipoa husinyaa na kuvuta bati, ndiyo maana paneli bapa huanza kujikunja. Dawa yake ni kusaga kichwa cha nukta kwanza, kisha kuweka doli nyuma na kuigonga ili chuma kitanuke tena. Fanya hivyo unavyoendelea. Ukingoja hadi mwisho, mvuto utakuwa umesambaa na hutaufikia. Usisage hadi bati lenyewe liwe la bluu, maana tayari umelipunguza unene.

Hatua ya 7: Ziba na linda

Safisha hadi chuma cheupe, paka praima ya epoksi, halafu puti (kijazio cha kusawazisha mabonde) juu yake. Puti hunyonya maji, hivyo ikikaa juu ya chuma kitupu huleta kutu chini kwa chini. Isizidi milimita 2. Ukihitaji zaidi, rudi kwenye nyundo. Maungio yote yapakwe gundi ya kuzibia ya bodi, si silikoni, ambayo hukataa rangi.

Rangi ikishakauka kabisa, ingiza mrija mwembamba kupitia matundu ya ndani na upulize nta kwenye kizingiti chote, hadi ianze kuchuruzika chini. Iache imalize kutoka, kisha pitisha waya kwenye kila tundu la maji ili nta isilizibe.