Kinyonga akifumba macho mchana: cha kuangalia, cha kuosha na cha kuacha

Kinyonga mwenye afya hafumbi macho mchana. Usiku atalala, rangi imempauka na macho yamefungwa kabisa, na hilo ni la kawaida. Lakini ukimkuta saa tano asubuhi, jua linawaka, naye amefumba jicho moja au yote mawili, huyo ni mgonjwa, hata kama ameshika tawi vizuri na ukijani wake ni uleule. Usikubali kuambiwa kwamba amechoka tu. Kinyonga huwinda kwa macho, na hata maji huyaona kwanza yakimetameta juu ya jani ndipo ayanywe. Asipoona, hali wala hanywi, kwa hiyo kila siku anayokaa amefumba inamwongezea njaa na kiu juu ya ugonjwa alio nao.

Mimi ni mtaalamu wa mifugo hapa Tabora, mtaa wa Ipuli. Kazi yangu ya kila siku ni ng'ombe, mbuzi na kuku, ila kwa kuwa natunza vinyonga kwa kibali, watu huniletea wa kwao wakiwa na macho yamevimba. Karibu wote ni wa aina moja, yule wa kijani mwenye vikunjo vya ngozi nyuma ya kichwa, ambaye kwa jina la kitaalamu ni Chamaeleo dilepis. Ndiye wa kawaida katika misitu yetu ya miombo, na ndiye ninayemwandikia hapa.

Kwanza ulijue jicho lenyewe. Kope za kinyonga zimeungana zikawa mnara mmoja wa ngozi unaofunika karibu jicho zima, zikaacha tundu dogo tu mbele ya mboni. Kila jicho huzunguka kivyake. Ndani ya mnara huo ndimo takataka hunasa: vumbi, kipande cha ngozi aliyojivua, mbegu ya nyasi. Yeye mwenyewe ana namna ya kujisafisha. Jioni, au ukimnyunyizia maji, hulisukuma jicho nje mpaka mnara wote unajaa, akalizungusha, akafumba, akalisugua kwenye tawi. Anayeliona jambo hili mara ya kwanza hushtuka, akadhani jicho limeoza ghafla. Mwache amalize. Asubuhi likiwa wazi na limerudi ukubwa wake, hakuna shida. Likibaki limejaa mpaka mchana, au akiwa anasugua kila mara, hapo pana jambo.

Kumchunguza, subiri asubuhi baada ya kuota jua kama saa moja. Usimkamate mgongoni kwa juu, maana hivyo ndivyo ndege humkamata, na hofu hiyo peke yake humfanya afumbe. Weka kijiti mbele ya miguu yake ya mbele, apande mwenyewe. Mtazame uso kwa uso ulinganishe macho mawili: yamejaa sawasawa? Kuna tongotongo? Tundu liko wazi au limefunikwa utando? Kisha angalia kona za mdomo na sehemu iliyo kati ya jicho na mdomo, kwa sababu kidonda cha kinywani hupanda mpaka kwenye jicho, na mwenye kinyonga akaendelea kutibu jicho wakati ugonjwa uko kwenye fizi.

Halafu jiulize swali linalonisaidia kuliko mengine yote: ni jicho moja au yote mawili? Likiwa moja, mara nyingi sababu iko palepale, yaani mwiba, vumbi, ngozi iliyobaki, kung'atwa na mdudu, au maambukizi ya jicho hilo. Yakiwa yote mawili, acha kulitazama jicho, tazama mwili mzima: maji, chakula, mwanga, figo. Watu wengi wanahangaika na dawa ya macho kwa kinyonga ambaye shida yake ni kiu.

Na kiu huku kwetu si jambo dogo. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi Tabora karibu haina mvua, hewa ni kavu, vumbi linaruka. Kinyonga hajui kunywa kwenye bakuli. Anataka matone juu ya majani. Macho yaliyozama ndani ya kichwa ndiyo dalili yake, na dalili nyingine iko kwenye choo chake: ile sehemu nyeupe ikiwa ya manjano au rangi ya chungwa, amekauka. Mnyunyizie majani asubuhi na jioni kwa chupa ya kupulizia, tena polepole, dakika kadhaa, kwa sababu wengine huanza kunywa baada ya muda. Ukishindwa kusimama muda wote huo, toboa kopo kwa pini, ulining'inize juu ya majani lidondoke tone kwa tone. Chupa iwe mpya. Iliyowahi kuwa na dawa ya tumbaku au ya pamba usiiguse hata ukiiosha mara ngapi.

Kuosha jicho

Likiwa jicho moja, halijawa jeupe na halijatoboka, unaweza kuliosha nyumbani. Nunua duka la dawa maji ya dripu ya chumvi, yale ya asilimia 0.9, si ya glukosi. Pata bomba la sindano la mililita 5, sindano yenyewe uitoe utupe salama. Shika bomba lililojaa ndani ya kiganja mpaka maji yapoteze ubaridi. Mtu mmoja amshikilie kinyonga kwenye kijiti, mwingine adondoshe matone kutokea pembeni, yaingie tunduni yenyewe. Usisukume kwa nguvu wala usielekeze puani. Dondosha, subiri, dondosha tena.

Mwezi wa nane kijana mmoja wa Isevya alikuja na kinyonga kwenye ndoo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Amefumba tangu lini?"

"Tangu juzi. Bibi anasema nimtie asali."

Tukamwosha palepale barazani. Matone ya kwanza hayakufanya kitu. Kisha mnara ukaanza kujaa, jicho likazunguka ndani kwa ndani, na pembeni mwa tundu kikatokea kiuzi cheupe. Sikukivuta. Nikaendelea na matone mpaka kikaelea, nikakipokea kwa pamba iliyolowa: ni ngozi aliyojivua, imejikunja, na ndani yake kipande cha nyasi kidogo kuliko chembe ya mchele. Baada ya muda akafungua jicho, akalielekeza kwa kijana, lile jingine likiwa bado linanitazama mimi. Angekuwa amevutwa kwa kibanio, konea, yaani kioo cha mbele ya jicho, ingekwaruzwa.

Osha mara mbili kwa siku, siku mbili au tatu. Chupa ya dripu ikishafunguliwa haikai wiki nzima. Chota ya siku hiyo. Pasipokuwa na nafuu siku ya tatu, acha kuosha, nenda kwa daktari.

Sasa kuhusu asali. Mkoa wetu ni wa asali, na mimi naipenda, lakini isiingie jichoni mwa kinyonga. Inaziba lile tundu, inashika vumbi, na usiku inaita sisimizi ambao watamla kope akiwa amelala. Maziwa ya mama, ndimu na majani ya kutwanga nayo yaache. Dawa za macho za binadamu zenye steroidi, kama deksamethasoni, ni hatari zaidi kwa sababu huonekana kusaidia: wekundu unapungua, huku konea iliyochubuka inazidi kuliwa. Na wafugaji wenzangu, ile oksitetrasaiklini, antibiotiki ya ng'ombe ya asilimia 20, mnayochoma kila ugonjwa haijapimwa kwa mnyama mwenye uzito wa makumi ya gramu.

Vitamini A, kidogo na kupita kiasi

Kope zikivimba pande zote mbili, ngozi ikigoma kutoka, na ulimi ukawa haufiki kwa mdudu kama zamani, fikiria upungufu wa vitamini A. Hutokea kwa kinyonga anayekula aina moja ya mdudu kwa miezi. Mdudu mwenye njaa hana alichobeba, kwa hiyo mlishe mdudu kwanza. Siku moja au mbili kabla, waweke panzi na nyenje kwenye kopo lenye hewa, uwape karoti, boga, viazi lishe vile vya rangi ya chungwa, matembele, papai. Wabadilishe: leo panzi, kesho nyenje, msimu wa mvua kumbikumbi kidogo. Panzi wa shambani hawafai kama shamba la jirani limepuliziwa dawa, na kwa wenzetu wa Urambo, Sikonge na Kaliua, kwenye tumbaku, ningesema msiokote kabisa.

Hapa kuna kosa ninaloliogopa. Mtu akisikia vitamini A anakumbuka vile vidonge vya matone wanavyopewa watoto kliniki. Kile cha bluu kina yuniti 100,000 na chekundu 200,000, kipimo cha mtoto wa binadamu. Vitamini A ikizidi haitoki na mkojo. Hukaa kwenye ini, ikizidi huwa sumu, na ngozi ya kinyonga huanza kubanduka mpaka nyama ionekane. Dozi yake hupangwa na daktari kwa uzito uliopimwa. Vivyo hivyo mafuta ya ini la chewa.

Banda

Macho mengi huumizwa na banda. Waya mgumu wa kuku humchubua uso anapojaribu kupanda na kutoka, hivyo tumia wavu laini wa nailoni. Ila usikate chandarua cha kliniki, kwa kuwa kina kiuatilifu kilichotengenezwa kuua wadudu, na kinyonga atakuwa analamba na kusugua jicho hapohapo. Matawi yawe ya mwembe au mpera. Usiweke michongoma wala mnyaa, ule wa kuzungushia boma ambao wengine huuita manyara: utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaunguza, kwa mtu na kwa mnyama. Usitandike unga wa mbao chini. Wadudu waliobaki jioni watoe, maana nyenje mwenye njaa hung'ata kope za kinyonga aliyelala. Banda lisiwe karibu na jiko la kuni wala mahali mnapochoma dawa ya mbu. Na kila kinyonga awe na banda lake. Wawili pamoja wanagombana au mmoja anaishi kwa hofu.

Mwanga tunao wa bure. Mtoe nje kuanzia saa moja hadi saa nne asubuhi, banda likiwa nusu juani na nusu kivulini ili achague. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halimsaidii kutengeneza vitamini D, na chombo cha kioo au plastiki kikiachwa juani kinamuua kwa joto. Kama unatumia taa ya mionzi na macho yote mawili yamevimba tangu uanze kuitumia, izime leo, umpe jua.

Daktari

Usingoje nyumbani ukiona uvimbe mgumu chini au kando ya jicho. Usaha wa reptilia hauchuruziki, huganda ukawa mgumu kama jibini kavu, na hautoki kwa kukamuliwa wala kwa dawa ya matone. Daktari hulazimika kufungua na kuutoa. Vilevile jicho lililogeuka jeupe, damu, jicho lililozama hata baada ya siku mbili za maji ya kutosha, kinywa kinachobaki wazi akihema, au macho yote mawili yamefungwa mchana kutwa.

Daktari wa mifugo wa halmashauri huenda hajawahi kushika kinyonga. Usikate tamaa kwa hilo, anajua konea, usaha na dozi kwa uzito, na anaweza kumpigia mwenzake wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Wewe mrahisishie kazi: peleka uzito uliopimwa kwa mizani ndogo ya jikoni, picha za macho yote mawili kutoka mbele, kinyesi kibichi kwenye kichupa safi kwa ajili ya kupima minyoo, na maelezo ya anachokula na tangu lini. Peleka na kibali chako, kwa sababu Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumfuga mnyama wa porini bila hicho. Uliyemwokota njiani ana vumbi tu jichoni, ukishamwosha akafungua, mrudishe kwenye mti karibu na ulipomtoa, jioni, jua likiwa limepungua makali.

Njiani mbebe kwenye boksi la karatasi lililotobolewa, lenye kijiti kimoja cha kushika na kitambaa kibichi chini, kifuniko kimefungwa. Gizani hutulia na hasugui jicho. Usimweke kwenye buti la gari wala kumning'iniza kwenye usukani wa bodaboda. Asiyekula kwa sababu haoni usimlazimishe kwa kumfungua mdomo, taya zake ni laini na huvunjika. Mnyweshe matone mdomoni kwa bomba lilelile mpaka mfike.