Jinsi ya Kukifundisha Kibofu Chenye Haraka

Anayebanwa na mkojo ghafla mara kwa mara hupanga safari zake kwa kuhesabu vyoo, na hapa Lamu hata boti ya kwenda Mokowe, ingawa mwendo wake ni mfupi, humtia hofu kuliko mawimbi. Kibofu chake hujikaza kabla hakijajaa. Tiba ya bayofidibeki, yaani mashine inayomwonyesha mtu kwenye kioo jinsi misuli yake inavyofanya kazi, humwonyesha misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayokishikilia kibofu kutoka chini na kuzuia mkojo, ambayo wengi hawajui kwamba huitika ikiamriwa.

Kwanza mkojo upimwe, isije ikawa ni maambukizi au kisukari. Na mtoto aulizwe kama anafunga choo, kwani choo kikubwa kikikaa tumboni hukisukuma kibofu. Kisha andika kwa siku 3 saa za kukojoa, kiasi cha mkojo kwa kopo lenye vipimo, na kila kinywaji. Mnywaji wa kahawa chungu barazani huenda akaiona sababu yake papo hapo, kabla ya kulipia mashine yoyote.

Kliniki, mtaalamu hubandika vibandiko vya elektrodi, vinavyonasa umeme mdogo wa misuli, karibu na njia ya haja kubwa, na vingine tumboni. Ukikaza kana kwamba unazuia upepo usitoke, mstari kwenye kompyuta hupanda, ukilegeza, hushuka. Mstari wa tumbo ndio msutaji: ukipanda nao, basi unatumia misuli isiyotakiwa. Watoto huwekewa mchezo badala ya mstari, na kwao mara nyingi somo ni kulegeza, maana wako wanaobana huku wakikojoa na mkojo ukabaki ndani. Mtoto wa namna hiyo aende msalani kila baada ya saa 2 hadi 3, akae miguu ikiwa juu ya kigoda, wala asigongewe mlango.

Nyumbani, mtu mzima akaze kwa sekunde 5, alegeze kwa muda huo huo au zaidi, mara 10, kwa vipindi 3 kila siku, ila asifanye zoezi hilo akiwa anakojoa. Haja ikimshika ufunguo ukiwa mlangoni, asikimbie: asimame, akaze upesi mara 5 au 6, angoje ipungue, ndipo atembee. Akishaweza, aongeze dakika 15 baina ya haja na haja. Nafuu huja kwa majuma kadhaa. Lakini mkojo wenye damu, homa au mkojo kuziba ni mambo ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo.