Kulala kwa Raha Ndani ya Gari Bila Umeme Katika Joto la Dodoma

Kwa anayelala ndani ya gari katika Kanda ya Kati, iwe ni Hiace iliyoondolewa viti au lori dogo lililojengewa chumba nyuma, miezi migumu ni Oktoba, Novemba na siku za mwanzo za Desemba, kabla mvua hazijashika. Mchana wa siku hizo joto la Dodoma hupita nyuzi 30 za Selsiasi, na gari lililofungwa vioo na kuachwa juani huweza, ndani ya saa moja tu, kuwa na joto la nyuzi 20 zaidi ya hewa ya nje. Usiku hali hubadilika. Mji uko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni kavu, anga mara nyingi haina wingu, na ikifika alfajiri, hata katika mwezi wa joto kuliko yote, hewa hushuka hadi karibu nyuzi 20. Kinachomlowesha mtu jasho saa 5 usiku ndani ya gari ni joto la mchana lililobaki katika bati, injini, godoro na ardhi iliyo chini ya magurudumu. Kazi iliyo mbele ya msafiri ni kulitoa joto hilo mapema na kuifungulia njia hewa ya nje, ambayo imekwisha kupoa yenyewe.

Nimeyajua haya kutokana na biashara ya kununua asali Manyoni na Itigi, na alizeti Singida, ambayo hunilaza ndani ya Hiace usiku nne au tano kila safari.

Uamuzi mkubwa kuliko yote hufanyika jua likiwa bado juu, nao ni wa mahali pa kulala. Kwa wastani hewa hupoa kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi kwa kila mita 100 unazopanda, na katika Kanda ya Kati tofauti za mwinuko ni kubwa kuliko zinavyoonekana barabarani. Anayetoka Dodoma kwenda Singida hushuka kwanza hadi kwenye bonde la Bahi na Kintinku, kisha hupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni, mji ulio juu ya mita 1,200. Kama mafuta na mwanga vinaruhusu, nakushauri upande na kulala juu. Kadhalika kwa anayepita barabara ya Iringa: Mtera iko chini, karibu mita 700, na uzuri wa maji ya bwawa usikushawishi kulala ukingoni, kwa sababu usiku wake una joto, mbu ni wengi, na viboko hutoka majini kuja kula majani.

Ukishafika, angalia ardhi na vitu vilivyo karibu. Majabali makubwa ya Dodoma, ambayo mchana hutoa kivuli kizuri, hunyonya jua siku nzima na kulirudisha joto usiku. Weka kiganja juu ya jabali linalotazama magharibi saa 3 usiku nawe utahisi kama umegusa sufuria iliyoepuliwa muda si mrefu. Lami, ukuta wa matofali na sakafu ya saruji ya kituo cha mafuta vina tabia hiyo hiyo. Udongo wenye majani, hata yaliyokauka, ni bora kuliko vyote hivyo. Mti nao una namna yake ya kutumiwa. Watu wengi huegesha gari chini kabisa ya mbuyu au mkwaju, wakidhani kivuli cha mchana kitakuwa baraka ya usiku, kumbe matawi huliziba paa lisiweze kuachia joto lake kwenye anga tupu. Egesha upande wa mashariki wa mti, hatua kumi au kumi na tano kutoka kwenye shina, ili kuanzia saa 10 jioni kivuli kirefu kikufikie, kisha giza likiingia paa libaki wazi chini ya nyota. Bati linalotazama anga safi hupoteza joto kwa kasi, kiasi kwamba baada ya saa chache huweza kuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka.

Jambo hili la paa linastahili maelezo zaidi. Nyumba ya tembe ya Wagogo, kwa kuta zake nene na paa lake bapa la udongo, hupokea joto polepole na kuliachia polepole. Ndiyo maana mchana ndani yake ni poa. Gari ni kinyume chake: bati jembamba huwaka upesi na kupoa upesi. Kwa hiyo lifunike mchana na ulifunue usiku. Mimi hufunga turubai jeupe juu ya keria, likiacha nafasi ya upana wa kiganja kati yake na paa ili upepo upite, na jua likizama naliondoa kabisa. Anayeliacha usiku kucha amelivisha gari blanketi. Kama una maji yaliyokwisha kutumika kuogea au kufulia, yamwage juu ya paa baada ya jua kuzama. Lita tatu au nne zinatosha kuondoa ule ukali wa mwanzo. Usimwage maji safi uliyoyaomba kijijini. Katika vijiji vingi vya Kanda hii ndoo moja ya lita 20 imebebwa kutoka mbali, na haifai kuimwaga juu ya bati mbele ya macho ya aliyeibeba.

Injini ya Hiace iko chini ya viti vya mbele, yaani ndani ya chumba chako cha kulala. Ikiwa umeendesha tangu asubuhi, chuma hicho kitaendelea kutoa joto kwa saa mbili au tatu baada ya kuzimwa. Fika mapema, ikiwezekana kabla ya saa 12 jioni, inua kiti na kifuniko cha injini, fungua milango yote, kisha nenda kapike na kula nje. Tahadhari na vumbi na mikono ya watoto. Ukiwa umechelewa njiani, tandika kitanda kichwa chako kikiwa nyuma, mbali na injini, na uning'inize shuka zito kati ya viti vya mbele na sehemu ya kulala.

Kuhusu madirisha, hewa haingii mahali ambapo haina pa kutokea. Dirisha moja lililofunguliwa halisaidii kitu. Yanahitajika matundu mawili yanayokabiliana, na lile la kutokea liwe kubwa kuliko la kuingilia. Wakati wa kiangazi upepo wa Dodoma huvuma mara nyingi kutoka mashariki na kusini-mashariki. Ukielekeza pua ya gari kaskazini, upande wa dereva utakabili upepo huo na mlango mkubwa wa kusukuma utakuwa magharibi, kwenye utulivu. Fungua vioo vya upande wa dereva nusu, fungua mlango kwa upana unaoona ni salama na uufunge kwa mnyororo na kufuli, na hewa itapita juu ya mwili wako badala ya kuzunguka darini. Kama gari lina tundu la paa, lifungue pia, kwa kuwa joto hupanda. Anayetaka kulitoboa sasa asimamie kazi hiyo mwenyewe hadi mwisho: fundi niliyempa gari langu hakuziba kingo sawasawa, na mvua ya kwanza ya Desemba ililowesha magunia mawili ya alizeti.

Hapo ndipo suala la mbu huingia, na wengi hushindwa hapo hapo, kwa maana huamua kufunga vioo. Chandarua kilichobanwa juu ya dirisha huzuia mbu, lakini pia hupunguza upepo kwa kiasi kikubwa. Dawa yake ni kukata wavu mkubwa kuliko dirisha, ukafanya tumbo kama mfuko, kwa sababu kadiri eneo la wavu linavyokuwa kubwa ndivyo hewa nyingi zaidi inavyopenya. Kwa kuushikiza, nenda kwa fundi friji ukamwombe mpira wa mlango wa friji iliyokufa. Ndani ya mpira huo mna utepe mrefu wa sumaku. Ukiuchomoa, ukaukata vipande vya urefu wa kidole na kuvishonea kwenye pindo la wavu, chandarua kitashika kwenye bati la mlango bila msumari wala gundi, na asubuhi utakibandua kwa mkono mmoja. Kanda hii ina malaria, hivyo usikubali kubadilishana usalama na upepo; pata vyote viwili.

Sasa maji, ambayo ndiyo kiyoyozi cha kweli cha mtu asiye na umeme. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa sababu maji yanayopenya na kukauka juu ya ngozi yake huondoka na joto, nayo kanuni hiyo hiyo hupoza gari. Lita moja ya maji ikikauka huchukua joto la karibu kilojuli 2,400. Mwili wa mtu mzima aliyelala hutoa joto la wati 70 au 80, kwa hiyo lita moja inayokauka polepole kwa saa nane huondoa karibu joto lote ambalo mwili wako unalitoa usiku kucha. Chukua kanga kuukuu ya pamba, ile iliyofuliwa hadi ikalainika, iloweshe, ikamue hadi isidondoke, na uitundike nje ya wavu upande unaopigwa na upepo, ikiacha upenyo kidogo chini. Kanga nzito au shuka la nailoni havifai, kwa maana la kwanza huziba upepo na la pili halishiki maji. Tumbukiza pindo la chini katika kidumu kilichokatwa chenye maji, nayo itajivutia yenyewe na kuchelewa kukauka.

Njia hii inategemea ukavu wa hewa. Kabla ya kuitundika, lowesha leso na uianike kwenye upepo; ikikauka ndani ya nusu saa, kanga itakupoza vizuri. Ikibaki mbichi, kama inavyokuwa Januari baada ya mvua, au Dar es Salaam karibu mwaka mzima, achana na kanga na utegemee upepo peke yake, kwa kuwa utaongeza unyevu tu na kujikuta umelala katika fukuto. Hata hapo unaweza kuosha miguu hadi magotini, mikono hadi viwikoni, na shingo, kisha ukalala bila kujifuta.

Godoro la sponji hushika joto la mgongo na kulirudisha. Tandika juu yake mkeka wa ukindu na shuka la pamba, au, bora zaidi, mpe seremala vipimo vya gari akutengenezee fremu ya kitanda cha kamba, ambacho hewa hupita chini yake. Mimi nililala juu ya sponji misimu miwili kabla ya kubadili, na mabadiliko hayo peke yake yalinipa usingizi zaidi kuliko feni.

Feni ndogo ya volti 12 hata hivyo inafaa. Nyingi hutumia wati 10 hivi, yaani chini ya ampea moja, kwa hiyo usiku wa saa nane hula ampea-saa saba tu. Betri nzima ya gari huweza kubeba hilo, ila betri iliyochoka itakuacha asubuhi ukitafuta watu wa kusukuma; ni heri kuwa na betri ya pili na paneli ndogo ya sola juu ya keria. Ielekeze feni mwilini, ndani ya chandarua, kwa kuwa feni haipozi hewa, hupoza ngozi.

Liko jambo moja ambalo sitalilegeza. Usilale injini ikiwaka ili upate kiyoyozi, na usiingize jiko la mkaa ndani ya gari, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye injini na mkaa unaowaka, haina harufu wala rangi, humlevya mtu akiwa usingizini, naye haamki. Ukiwa na mtoto, mzee au mgonjwa, na ukaona ngozi ni ya moto na maneno yanapotea, ujue joto limemzidi: mtoe nje, mmwagie maji, mpepee, na umpeleke kituo cha afya usiku huo huo.

Mahali pa kulala pawe na watu wanaojua upo. Pita kwa mwenyekiti wa kitongoji au ofisi ya kijiji ujitambulishe kabla ya giza. Utaonyeshwa sehemu iliyo salama na wezi na fisi. Korongo, hata likiwa na mchanga mkavu unaovutia, usilale ndani yake, kwani mvua iliyonyesha milimani mbali huweza kuteremka humo bila wewe kuona wingu.

Kuanzia saa 9 usiku hewa hugeuka, na aliyelala kifua wazi huamka akitetemeka. Weka shuka la pili karibu na mkono, na ukiamka iondoe kanga iliyolowa. Acha matundu wazi hadi saa 12 na nusu asubuhi, ili bati, kitanda na maji ya kunywa vipoe kabisa. Jua likianza kugusa mlango, funga vioo vyote, bandika maboksi kwenye vioo vya mashariki, rudisha turubai juu ya keria, na ule ubaridi uliokusanya usiku utabaki nawe hadi karibu saa 4.