Somo: Namna ya kuendesha zoezi la uigaji kwa wanafunzi wa uuguzi

Swali la namna ya kuandaa zoezi la uigaji, yaani mwanafunzi kumhudumia mgonjwa wa kuigiza kabla ya kumfikia wa kweli, huulizwa hapa kila mara, na kila mara majibu yale yale hutolewa vipande vipande kisha hupotea. Nimeyaweka mahali pamoja ili atakayeuliza tena aelekezwe huku. Nitatumia kisa kimoja, cha mgonjwa anayedhurika wakati wa kuongezewa damu, kwa sababu mwanafunzi anaweza kumaliza mafunzo yake yote wodini bila kukutana na hali hiyo, na siku atakapokutana nayo hatakuwa na nafasi ya kufungua kitabu.

Hatua ya 1. Andika malengo, mawili au matatu tu. Kwa kisa chetu, mwanafunzi athibitishe utambulisho wa mgonjwa na wa mfuko wa damu akiwa na mwenzake kando ya kitanda. Atambue dalili za hatari. Asimamishe damu kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Lengo lisiloonekana wala kusikika, kama vile "aelewe umuhimu wa usalama", lifute.

Hatua ya 2. Andika kisa, ukurasa mmoja. Mgonjwa aanze na joto la 36.8, mapigo ya moyo 84 kwa dakika, shinikizo la damu 118/74 na upumuaji 16. Dakika chache baada ya damu kuanza kuingia alalamikie baridi na maumivu ya kiuno, joto lifike 38.7, mapigo 120, shinikizo lishuke hadi 92/56. Andika mapema hali yake itakavyokuwa damu ikisimamishwa, na itakavyokuwa isiposimamishwa. Mkufunzi anayebuni namba papo hapo huwachanganya wanafunzi na kujichanganya mwenyewe.

Hatua ya 3. Chagua mgonjwa. Anaweza kuwa manikini, yaani sanamu ya mafunzo yenye umbo la mtu, au mtu aliyefundishwa kuigiza ugonjwa, njia ambayo Howard Barrows aliianzisha Marekani mwaka 1963. Kisa hiki kinahitaji mgonjwa atakayesema kiuno kinamuuma, kwa hiyo mwigizaji anafaa kuliko mashine. Sindano isimguse kabisa. Mfungie mkono bandia kando ya mkono wake.

Hatua ya 4. Tenga vifaa vya mafunzo na vya wagonjwa. Mwaka 2014 nchini Marekani, maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa ajili ya mafunzo tu, ambayo hayakuwa yameondolewa vijidudu, yalifika kwenye vituo vya afya yakapewa wagonjwa zaidi ya 40. Baadhi yao walipata homa na kutetemeka, na kifo kimoja kilihusishwa na tukio hilo. Kwa hiyo kila chupa, mfuko na bomba la sindano liandikwe KWA MAFUNZO TU pande zote mbili, likae kwenye kabati lake lenye kufuli, lihesabiwe kabla na baada ya zoezi. Mifuko ya makoti ya wanafunzi ikaguliwe pia, maana vitu vingi hutoka chumbani humo bila mtu kukusudia. Zoezi likifanyika ndani ya wodi halisi, asiondoke mtu mpaka hesabu ikamilike.

Hatua ya 5. Waelekeze wanafunzi kabla ya kuanza: manikini inaweza nini na haiwezi nini, vifaa viko wapi, yatakayoonekana humu hayasimuliwi nje, na neno gani likitamkwa zoezi linasimama kwa sababu mtu ameumia kweli.

Hatua ya 6. Endesha zoezi kwa dakika 10 hadi 15. Kaa kimya. Andika unachokiona, na saa.

Hatua ya 7. Majadiliano baada ya zoezi. Wengi hutumia fedha na nguvu zao zote kwenye hatua sita za mwanzo, kisha hatua hii wakaipa dakika tano wanafunzi wakiwa wamekwisha kushika mabegi, ilhali kujifunza kwenyewe kunatokea hapa. Ipe muda usiopungua ule wa zoezi, na ikiwezekana mara mbili yake. Anza kwa kuwaacha waseme walivyojisikia, kwa kuwa mwenye moyo unaodunda hachambui kitu. Kisha mmoja aeleze kilichotokea, ili mhakikishe kwamba nyote mlikuwa katika kisa kimoja. Ndipo uchambuzi uanze, na hapo ndipo wakufunzi wanapoharibu.

Wanaharibu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuhutubia. Ya pili ni kuuliza swali lililobeba jibu tumboni: "Hukuona kwamba shinikizo limeshuka?" Mwanafunzi atajibu "Samahani, mwalimu", na hakuna mtu atakayekuwa amejifunza lolote. Tuseme mwanafunzi alikwenda kumpigia daktari simu huku damu ikiendelea kuingia. Mwambie ulichokiona, mwambie kinachokutia wasiwasi, kisha uulize kwa nia ya kutaka kujua: "Nilikuona ukienda kwenye simu kabla ya kufunga mrija. Nina wasiwasi kwa sababu muda wote huo mgonjwa anaendelea kupokea kinachomdhuru. Ulikuwa unafikiri nini wakati ule?" Mara nyingi utagundua kwamba dalili alizijua zote na hatua zote alizikumbuka, ila aliamini kwamba muuguzi, tena mwanafunzi, hana mamlaka ya kusimamisha kitu kilichoagizwa na daktari. Kumfundisha dalili upya kusingemsaidia. Kilichohitajika ni kumwambia waziwazi kwamba ana wajibu wa kufunga mrija kwanza na kupiga simu baadaye, na kumfanyisha mazoezi ya kusema hivyo mbele ya mkubwa wake.

Tahadhari: usimjadili mwanafunzi asiyekuwapo, usirekodi video bila ridhaa, na usilifunge jambo kwa kumtafuta wa kulaumiwa ikiwa mifuko miwili iliyofanana ilikuwa imewekwa juu ya meza moja.

Hatua ya 8. Rudieni kisa kile kile siku hiyo hiyo, hata kwa dakika tano. Hatua hii huachwa mno, na sioni sababu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkufunzi_Kesho: Naomba nitumiwe visa vitano vilivyokamilika pamoja na majibu yake, nina kipindi kesho asubuhi.

Jibu: Hatua ya 1 na ya 2. Kisa kisichotokana na malengo ya wanafunzi wako hakitakufaa hata kikiwa kimekamilika.

Mwanachama_Mpya: Je, ni lazima tununue manikini ya kisasa ndipo tuanze?

Jibu: Hatua ya 3 imelijibu hili.

Mwanachama_Mpya: Nimeisoma, lakini chuo kingine wanayo inayotoa jasho na kupepesa macho.

Jibu: Kama lengo lako ni mwanafunzi atambue jasho, inunue. Kama lengo ni athibitishe jina la mgonjwa, kitambulisho cha karatasi mkononi mwa mwigizaji kinatosha. Sitalirudia jibu hili.

Mwaka_wa_Pili: Shikamoo, mwalimu. Katika zoezi letu mgonjwa alikufa kwa sababu nilichelewa, na tangu siku hiyo naogopa kuingia wodini. Je, ilikuwa sahihi mgonjwa kuachwa afe?

Jibu: Marahaba. Umeuliza swali ambalo hata wakufunzi hawakubaliani juu yake, na nasikitika kwamba umeachiwa ulibebe peke yako. Msimamo wangu ni kwamba manikini isife isipokuwa kifo kimo katika malengo, yaani pale tunapofundisha namna ya kumhudumia anayekata roho au ya kuzungumza na wafiwa, na wanafunzi wameandaliwa kwa hilo. Kifo cha ghafla kinachotumika kama adhabu humjaza mwanafunzi hofu hadi asikumbuke kilichofundishwa. Muombe mkufunzi wako nafasi ya kurudia kisa hicho, kisha mketi mjadili kilichokuchelewesha. Huenda hakikuwa uzembe. Huenda hukujua kifaa kilipo, au ulingoja mtu wa kukuruhusu.

Mwaka_wa_Pili: Nilingoja kuruhusiwa, mwalimu. Nashukuru sana.

Mratibu_wa_Mafunzo: Je, uigaji unaweza kuchukua nafasi ya saa za wodini?

Jibu: Kwa sehemu, na kwa masharti. Utafiti uliochapishwa na Baraza la Taifa la Bodi za Uuguzi la Marekani mwaka 2014, katika vyuo 10, ulionyesha kwamba wanafunzi ambao hadi nusu ya saa zao za wodini zilifanywa kwa uigaji hawakutofautiana kwa kiwango cha maana na wenzao katika maarifa na umahiri. Lakini wakufunzi wa vyuo hivyo walikuwa wamefundishwa kuendesha mazoezi na majadiliano. Anayechukua ile nusu na kuyaacha masharti anapunguza mafunzo, na anafanya hivyo kwa jina la utafiti.

Msimamizi_Mitihani: Sisi huweka alama katika kila zoezi. Bila alama hawajitumi.

Jibu: Mtihani una mahali pake, na mtihani wa vituo, ambao mwanafunzi hupita kituo hadi kituo akipimwa kazi moja moja, alioubuni Ronald Harden kule Dundee, Uskoti, katika miaka ya 1970, unafanya kazi hiyo vizuri. Mwanafunzi anayehesabiwa alama huficha asichokijua, nawe unamhitaji akionyeshe. Tenganisha siku ya kupima na siku ya kufundisha, na uwaambie mapema leo ni ipi.

Msimamizi_Mitihani: Hilo ni rahisi kusema kwa asiye na ratiba yangu.

Jibu: Ratiba ninayo. Ndiyo maana nimeandika malengo mawili au matatu, wala sikuandika kumi.

Fundi_wa_Maabara: Naongeza kuhusu vifaa. Wino wa kalamu na wa magazeti ukiingia kwenye ngozi ya manikini hautoki, kwa hiyo kalamu zibaki mbali na kitanda. Damu bandia ya rangi ya chakula nayo huacha madoa; ijaribuni kwanza nyuma ya kisigino, na mtandike kitambaa cheupe.

Jibu: Ahsante. Na jasho?

Fundi_wa_Maabara: Maji na gliserini kidogo katika chupa ya kupuliza. Matone hukaa usoni bila kuteremka upesi. Msipulizie karibu na nyaya.