Kutoka Tasnifu hadi Makala: Namna ya Kuandaa Mswada kwa Jarida la Kitaaluma la Kiswahili

Mtafiti anayemaliza shahada ya uzamili au ya uzamivu katika Kiswahili huwa na tasnifu nene mkononi, na wazo la kwanza linalomjia anapotaka kuchapisha ni kuifupisha tasnifu hiyo mpaka ienee katika kurasa ishirini. Njia hiyo haizai makala. Tasnifu huandikwa ili kuwaridhisha watahini kwamba mtafiti ameyasoma yaliyotangulia na anaweza kufanya utafiti kwa kujitegemea. Makala huandikwa kwa wataalamu wasiohitaji kuridhishwa juu ya hilo, bali wanaotaka kuoneshwa jambo moja jipya pamoja na ushahidi wake. Kwa hiyo maandalizi huanza kwa kuchagua hoja moja inayoweza kusimama peke yake na kumfaa msomaji ambaye hatafungua sura nyingine yoyote ya tasnifu. Sura zilizobaki hazipotei, kwani huenda zikazaa makala nyingine.

Ukishaipata hoja, chagua jarida kabla ya kuandika. Makala ya fasihi simulizi inayokusudiwa jarida la Kiswahili, Mulika au Kioo cha Lugha, yote ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, haiandikwi kama inayokusudiwa Swahili Forum, lililoanza Ujerumani mwaka 1994 na linalosomwa bila malipo mtandaoni na watu ambao baadhi yao hawajawahi kufika Afrika Mashariki. Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa unyago ni nini, ilhali wa Leipzig huenda akahitaji aya nzima. Soma matoleo mawili au matatu ya karibuni, kisha soma mwongozo kwa waandishi mstari kwa mstari: idadi ya maneno, lugha ya ikisiri (muhtasari mfupi unaotangulia makala), mtindo wa marejeleo, ukubwa wa herufi, na kama jarida linataka tanbihi za chini ya ukurasa au halizitaki kabisa.

Katika hatua hii jihadhari na majarida ya ulaghai, yale yanayokutumia barua pepe ya kukusifu, yanakuahidi kuchapisha ndani ya siku chache, kisha yanadai ada. Kuombwa ada si ushahidi wa ulaghai kwa kuwa yapo majarida ya heshima yanayotoza. Ushahidi ni kutokuwapo kwa uhakiki wa kweli. Tafuta namba ya ISSN inayolitambulisha jarida, majina ya wahariri na vyuo wanakofundisha, kisha angalia kama jarida limo katika AJOL, hifadhi ya majarida ya Afrika iliyoanzishwa mwaka 1998, au katika orodha ya DOAJ inayosajili majarida huria yaliyokaguliwa. Zaidi ya yote, muulize mtu aliyewahi kuchapisha humo alipata maoni gani kutoka kwa wahakiki.

Ikisiri ndiyo sehemu inayostahili muda mwingi kuliko ukubwa wake unavyoonesha, kwa sababu mhariri huisoma kwanza na wasomaji wengi hawatasoma zaidi ya hapo. Tuseme umeandika hivi: “Makala hii inahusu matumizi ya sitiari katika nyimbo za harusi. Data zilikusanywa uwandani na kuchambuliwa kwa kuongozwa na nadharia. Matokeo yanajadiliwa na mapendekezo yanatolewa.” Sentensi zote tatu ni sahihi kisarufi na hakuna hata moja inayosema jambo, kwani zinaweza kubandikwa juu ya makala yoyote ya nyimbo za harusi. Linganisha na hii: “Makala hii inadai kwamba sitiari za bahari katika nyimbo za harusi za Tanga hazimsifu bibi harusi tu, bali humpa lugha ya kupinga masharti ya ndoa. Dai hili linatokana na uchambuzi wa nyimbo 18 zilizorekodiwa katika sherehe, zikilinganishwa na maelezo ya waimbaji wenyewe.” Sasa mhariri anajua mahali, data, mbinu na dai, na anaweza kumtafuta mhakiki anayefaa. Andika ikisiri ya muda mwanzoni ili ikuongoze, kisha iandike upya makala ikishakamilika. Ikihitajika ikisiri ya Kiingereza pia, iandike upya kwa Kiingereza badala ya kufasiri neno kwa neno.

Mapitio ya kazi tangulizi ndipo mabaki ya tasnifu huonekana zaidi. Mfululizo wa aya zinazoanza na “fulani alichunguza”, “fulani naye alichunguza”, kila moja ikifungwa kwa sentensi kwamba kazi hiyo ilikuwa na manufaa kwa utafiti huu, haumsaidii msomaji hata kidogo. Panga mapitio kwa masuala, si kwa majina: wanaokubaliana na nani, wanapingana wapi, na pengo liko sehemu gani hasa. Kusema kwamba hakuna aliyewahi kuchunguza jambo hili katika wilaya hii si pengo la kutosha, kwa kuwa wilaya ambazo hazijachunguzwa ni nyingi. Eleza kwa nini kulichunguza hapo kunabadilisha tunachokijua. Nadharia nayo ipewe nafasi ya mihimili utakayoitumia kweli katika uchambuzi. Historia ya waasisi wake iache.

Data za lugha na fasihi zina adabu zake. Wimbo ulionukuliwa uambatane na jina la mwimbaji ikiwa ameridhia, mahali na tarehe; hapa natofautiana na wanaoficha kila jina kwa mazoea, kwa maana manju au malenga ni mtunzi, na kumwita “mtoataarifa namba tatu” ni kumnyima haki ya kazi yake. Anayehojiwa kuhusu mambo ya faragha, yeye alindwe. Shairi lililotolewa katika mswada wa hati za Kiarabu litajiwe maktaba na namba ya mswada, na isemwe wazi nani aliyelihawilisha kwa hati za Kirumi. Mifano ya kiisimu ipewe namba mfululizo, ipangwe mofimu (kipashio kidogo cha neno chenye maana) chini ya mofimu, na vifupisho vyote vielezwe. Taja pia kibali cha utafiti pale kinapohitajika: kwa Tanzania hutolewa na COSTECH, kwa Kenya na NACOSTI, ambazo ni tume za sayansi na teknolojia za nchi hizo.

Marejeleo yakaguliwe kwa kuchapisha orodha kwenye karatasi na kuweka alama mbele ya kila chanzo unachokikuta ndani ya makala. Kila kilichotajwa kiwemo kwenye orodha, na kila kilichomo kiwe kimetajwa. Makosa ya kawaida katika taaluma yetu ni haya: Kamusi ya Kiswahili Sanifu kutajwa bila kubainisha kama ni toleo la 1981 au la 2004, ingawa vidahizo (maneno yanayofafanuliwa) vinatofautiana, Shaaban Robert kuwekwa chini ya S mahali pamoja na chini ya R mahali pengine, na TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) kuandikwa TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili) katika machapisho yaliyotoka kabla ya taasisi hiyo kubadilika mwaka 2009. Mhakiki akikuta kasoro kama hizi huanza kutilia shaka hata data zako.

Majarida mengi hutumia uhakiki ambamo mwandishi na mhakiki hawajuani, hivyo utambulisho wako lazima uondolewe kwenye mswada. Kufuta jina chini ya kichwa hakutoshi. Kauli kama “nilivyoeleza katika tasnifu yangu” igeuzwe kuwa rejeleo la nafsi ya tatu, shukurani zihamishiwe kwenye ukurasa wa pekee wenye majina na anwani, jina la faili lisiwe na ubini wako, na sifa za faili pamoja na maoni ya pembeni ya msimamizi vifutwe, kwani programu ya kuandikia huhifadhi jina la mwenye kompyuta bila kukuuliza.

Suala la nani awe mwandishi limalizwe kabla ya kutuma, kwa mazungumzo ya wazi. Anayestahili kutajwa ni aliyechangia kwa kiasi kikubwa fikra, data au uchambuzi, akashiriki kuandika au kusahihisha, akaidhinisha nakala ya mwisho na yuko tayari kuwajibika kwayo. Usimamizi wa tasnifu peke yake hautoshi, na cheo hakitoshi. Lakini msimamizi aliyeijenga hoja pamoja nawe asiachwe.

Wakati wa kutuma, ambao kwa majarida mengi ya vyuo vikuu ni kupitia OJS, mfumo wa mtandaoni wa kupokea na kusimamia miswada, jaza majina ya waandishi wote kwa mpangilio uleule ulio kwenye ukurasa wa majina, na ubandike ikisiri ya mwisho, si ya rasimu. Barua kwa mhariri iwe fupi: kichwa cha makala, dai lake kwa sentensi moja au mbili, sababu ya kulichagua jarida hilo, na tamko kwamba makala haijachapishwa wala haiko mikononi mwa jarida jingine. Tamko hilo liwe la kweli, kwa sababu kutuma mahali pawili kwa wakati mmoja hupoteza kazi ya wahakiki wanaojitolea bila malipo. Hifadhi namba ya kupokelewa, na miezi kadhaa ikipita kimya, mwandikie mhariri kwa adabu ukiitaja namba hiyo.