Injini ya dizeli ya boti ya tanga inazunguka lakini haiwaki

Mwongozo huu ni wa wanaoanza, wenye boti za tanga huku Entebbe na Ggaba, Uganda, zenye injini ndogo ya dizeli. Nimeuandika baada ya kumwelekeza kijana mmoja kwa simu, amekwama njiani kwenda visiwa vya Ssese.

1. Stata ikigonga tu bila kuzungusha, ni betri au vichwa vyake. Safisha, kaza.

2. Kebo ya kuzimia injini irudishwe ndani. Wengi huisahau.

3. Kabla ya kupiga stata tena na tena, funga valvu ya maji ya kupozea. Injini isiyowaka haina moshi wa kusukuma maji nje ya ekzosi. Yatajaa, yarudi hadi kwenye silinda. Ikiwaka, fungua papo hapo. Ile dawa ya kupuliza ili injini iwake sitaki kuiona botini.

4. Toa hewa kwenye mafuta. Legeza skrubu ya juu ya filta ya injini, piga kimkono cha pampu ndogo (ile inayovuta dizeli kutoka tangi) mpaka povu liishe, kaza skrubu huku dizeli bado inatoka. Rudia kwenye pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwenda kwenye silinda. Tumia spana ya ringi. Spana malaya itakula vichwa vya skrubu. Kimkono kikilegea bila kusukuma kitu, usikimbilie kununua pampu: kemu, ile nundu ya injini inayosukuma pampu, imesimama pabaya. Zungusha injini mzunguko mmoja kwa puli, jaribu tena.

Ikiwaka halafu ikazima baada ya dakika chache, hewa bado inaingia. Usitafute tone la dizeli. Kati ya tangi na pampu mafuta yanavutwa, kwa hiyo tundu la huko hufyonza hewa na kubaki kavu kabisa. Chomoa bomba linaloingia kwenye pampu hiyo ndogo, unganisha mpira mpya kutoka jerikeni ya dizeli safi, toa hewa, washa. Ikinguruma bila kukatika, ubaya uko nyuma: tangi, bomba au filta ya kutenga maji. Mimi huanza na washa za shaba, vile viringi vya kuziba viungo vya bomba. Soko la Kisekka, Kampala, zipo. Weka mpya, usigeuze za zamani.

5. Ekzosi isipotema maji, zima. Fungua chujio la maji, mara nyingi ni magugumaji, kisha impela, lile gurudumu la mpira lenye mabawa ndani ya pampu ya maji. Bawa likikosekana, litafute kwenye bomba linalotoka kwenye pampu hiyo mpaka ulipate, la sivyo litaziba njia ya maji.