Kusimika LibreNMS kwenye klasta ya Kubernetes

LibreNMS ni programu ya kufuatilia vifaa vya mtandao, na Kubernetes ni mfumo wa kuendesha programu ndani ya kontena. Kwa ofisi iliyo Mtwara mjini yenye matawi Masasi na Newala, k3s (Kubernetes nyepesi) kwenye seva moja inatosha kuanzia.

Tengeneza eneo lake kwa `kubectl create namespace librenms`, kisha weka humo MariaDB (hifadhidata) na Redis (hifadhi ya muda ya kuratibu kazi). Diski za kudumu ni mbili, usiache hata moja: ya MariaDB inatunza orodha ya vifaa, ya `/data` inatunza grafu. Hifadhi ya `local-path` inayokuja na k3s hufunga diski kwenye seva moja, kwa hiyo seva hiyo ikizimika, podi (kifungu cha kontena zinazoendeshwa pamoja) haihamii kwingine.

Kwenye podi ya LibreNMS jaza `DB_HOST`, `REDIS_HOST` na `TZ=Africa/Dar_es_Salaam`. Ongeza kontena la pili, la kuchukua vipimo, lenye `SIDECAR_DISPATCHER=1` na `DISPATCHER_NODE_ID`, likitumia `/data` ileile. Bila hilo ukurasa utafunguka vizuri, ila vipimo vya kila dakika 5 havitachukuliwa.

Kabla ya kuongeza ruta ya Masasi (hapa 10.10.2.1), jaribu kutoka ndani ya podi kama inajibu SNMP, lugha ambayo LibreNMS hutumia kuuliza vifaa; `NENO_LAKO` ni neno la siri la SNMP lililowekwa kwenye ruta:

`kubectl exec -n librenms deploy/librenms -- snmpwalk -v2c -c NENO_LAKO 10.10.2.1 sysName`

Ikisema "Timeout", kagua orodha ya ruhusa kwenye ruta. Kwa kawaida ruta huona anwani ya seva, si ya podi. Ruhusu hiyo, UDP 161.

Traps, yaani taarifa ambazo kifaa hutuma chenyewe kikipata tatizo, ndizo zinazosumbua zaidi. Huingia kupitia UDP 162, na NodePort (njia ya Kubernetes ya kufungua mlango kwenye seva) kwa kawaida huanzia 30000, hivyo tumia Service ya aina ya LoadBalancer, inayoweza kupokea kwenye 162 yenyewe, yenye `externalTrafficPolicy: Local`. Ukisahau mpangilio huo wa `Local`, anwani ya mtumaji inaweza kubadilishwa njiani, na LibreNMS isitambue kifaa kilicholalamika.